Kile cha Kwenye Msumari

Alhamisi, 6 Juni

Mvua zimekwisha. Zimetuachia nyasi. Kuanzia mlango wa jikoni hadi kaburi la Baba, kule mwisho wa kiwanja, zinanifika kiunoni. Leo nimejaribu kwenda kumsalimia, nikaishia njiani. Soksi zimejaa miiba.

Na Dada ametoa hukumu. Alisubiri nimalize chai, akafuta meza, ndipo akasema. Kwamba Jumapili ya tarehe 16 Baba anatimiza mwaka na ndugu wote wanakuja. Kwamba trekta lake limelala bandani muda wote huo, kuku wanatagia kwenye kiti. Kwamba ameshazungumza na muuza vyuma chakavu, atakuja kulibeba Jumatatu ya tarehe 17. Nikamwambia trekta la Baba si chuma chakavu. Akaniuliza chuma kisichofanya kazi kinaitwaje.

 Nikamwuliza, na likifanya kazi? Dada ana miaka hamsini na minane, mimi hamsini na mmoja, na bado huniangalia kama mtoto aliyevunja kikombe. Akasema likifanya kazi moja, moja tu, kabla ndugu hawajafika, litabaki.

Basi nimekaa mezani kufikiri. Nikifikiri huwa nakizungusha kile kitu cha Baba. Wiki yake ya mwisho aliniita kitandani. Sauti ilikuwa imemwisha, ikabidi niiname hadi sikio langu liguse mdomo wake. Akasema, "Kile cha kwenye msumari. Usije ukakisahau." Basi. Hakusema tena neno la maana.

Sikukisahau. Msiba haujaisha nilikwenda bandani nikakitungua. Chuma kizito, kirefu kama shubiri, mfano wa kikombe, ndani kina meno. Ukikizungusha upande mmoja kinalia krr, krr, krr. Upande wa pili kinagoma. Nilikiosha kwa mafuta ya taa siku mbili, nikakiweka mezani, nikatia kalamu zangu humo. Kila Ijumaa nakifuta. Watu wengine huachiwa mashamba na baba zao. Mimi niliachiwa kumbukumbu, na ninaitunza.

Krr, krr. Wazo limekuja! Trekta litafyeka nyasi. Litafyeka hadi miguuni pa Baba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata mashine ya kufyekea. Ya kufungwa nyuma ya trekta, ile pana kama meza ya watu sita, chini ina visu viwili vinavyozunguka. Ilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Mlinzi anasema mwenye kiwanda alimwachia amri ya kuiondoa. Kutu ipo, lakini ya juujuu. Imara sana. Imetubidi watu wanne kuipakia kwenye mkokoteni.

Hatukuuziana, tumebadilishana. Nimempa tangi letu la maji.

Mke wangu aliporudi alisimama mahali palipokuwa na tangi, akaangalia lile duara la ardhi kavu. Nikamweleza mpango wote. Alichukua ndoo mbili akaenda bombani. Si dalili nzuri.

Jumamosi, 8 Juni

Siku nzima ya kufunga mashine. Kidole cha shahada kimebanwa, cha kati kimechubuka. Trekta lina mikono miwili nyuma na mmoja juu. Katika picha ya kitabu cha trekta, mtu mwenye kofia anaunganisha yote mitatu huku akitabasamu. Mimi nimeunganisha wa kushoto, wa kulia ukawa mbali shubiri mbili. Nikasukuma trekta, wa kulia ukaingia, wa kushoto ukatoka. Hivyo hadi saa nane mchana.

Sasa imekaa. Imekaa upande, ukweli usemwe. Kulia iko juu, kushoto inagusa chini. Mke wangu amepita na ndoo akasema inachechemea. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu jana.

Jirani amekuja kuegemea ua. Mstaafu. Ana mashine ya mkono ya petroli, nyekundu, anaivalisha soksi ya plastiki isipate vumbi. Nyasi zake ni fupi, ungedhani zimenyolewa na kinyozi. Akasema kwa upole kabisa kwamba kama nina shida, yeye angenifyekea uwanja mzima kwa siku mbili. Nikamshukuru, nikamwambia sina shida. Ule upole wake ndio unaoniumiza.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi amekuja. Ndiye aliyelitibu trekta hili kwa miaka ishirini, enzi za Baba. Ananiita kijana, mbele za watu. Amesafisha pampu ya dizeli, amebadilisha chujio, amefunga betri ya kuazima. Mikono ya nyuma ameisawazisha kwa kuzungusha mpini mmoja ambao mimi nilidhani ni wa kuning'inizia ndoo. Mashine haichechemei tena.

Halafu akaliwasha. Lilikohoa mara tatu, likatema moshi mweusi, kuku wakatawanyika. Likawaka! Ule mlio wake wa polepole, tuku tuku tuku. Dada akatoka jikoni mikono imejaa unga. Akasimama mlangoni. Hakuja karibu. Alisimama hadi Fundi alipozima, akabaki amesimama, halafu akarudi ndani, na nilipokwenda kuomba chai alikuwa amenipa mgongo anakanda unga uliokwisha kukandika. Mwaka mzima nyumba hii haikuwa na sauti ile.

Baadaye Fundi akaharibu siku. Alichungulia nyuma, pale shafti ya kuzungushia mashine inapochomoza kwenye trekta, akauliza kile kitu cha katikati kiko wapi. Kitu gani? Akasema Mzee alikuwa na kitu, hakufunga mashine hata siku moja bila hicho. Akaniketisha kwenye ndoo, akanifundisha kama mtoto wa shule. Kwamba visu ni vizito, vikishika kasi havitaki kusimama. Kwamba kwenye trekta la zamani kama hili, shafti ya nyuma na magurudumu ni ndugu wa tumbo moja.

"Utakanyaga klachi, injini itaachia," akasema. "Visu haviachii. Vitakusukuma wewe na trekta lako hadi vichoke. Kile kitu kinakubali upande mmoja tu, upande wa pili kinateleza."

Nikamwuliza kinauzwa wapi. Akasema kinaagizwa, wiki tatu. Wiki tatu! Nina siku tano. Hapo nikaelewa. Fundi ana umri, anatafuta kazi ya kumrudisha hapa mara kwa mara anywe chai ya Dada.

Kumridhisha tu, tukatafuta bandani saa nzima. Makopo yote, masanduku yote, chini ya kiti. Tumepata mayai saba. Fundi alisimama sana mbele ya ule msumari mtupu ukutani, usawa wa macho, akauliza hapa palikuwa na nini. Nikamwambia ukweli: kumbukumbu ya familia, ninayo ndani. Akaona haya kuuliza zaidi.

Akaondoka akiniambia nisithubutu kufyeka bila hicho kitu. Ameacha bolti laini tatu. Ati bolti ya shafti lazima iwe laini, kisu kikigonga jiwe ikatike yenyewe iokoe mashine. Bolti ya kukatika! Nimekizungusha kile kitu cha Baba jioni nzima kutuliza moyo. Krr, krr.

Jumanne, 11 Juni

Shafti ni ndefu mno. Ni mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine, na ukishusha mashine hayana pa kuingia. Inabidi kukata. Fundi alisema nipime mashine ikiwa chini, nikate yote mawili sawasawa, nisizidishe.

Nimepima. Nimekata kwa msumeno wa chuma, muda wa saa mbili na nusu, kwa mkono wenye kidole kibovu. Halafu nikaona afadhali kupunguza upana wa kidole kimoja zaidi, kwa usalama. Halafu kingine, kwa sababu mkato wa kwanza haukunyooka. Nikafunga. Safi! Nikainua mashine. Shafti ikaachana katikati, nusu ikabaki kwenye trekta inaning'inia, nusu kwenye mashine.

Jirani alikuwa uani kwake, anapangusa ile nyekundu kwa kitambaa. Hakucheka. Aligeuka upande wa pili mabega yakawa yanatikisika.

Mchomeleaji wa sokoni ameniungia kipande. Shafti sasa ina kovu nene katikati. Ameniambia nisisimame karibu nayo ikizunguka. Kila mtu leo anatoa ushauri.

Dada ameuliza mambo yanakwendaje. Nimemwambia yanakwenda. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba usiku wa jana alimwota Baba amekaa kwenye kiti cha trekta. Nikamwuliza alikuwa anafanya nini. Akasema hakuwa anafanya kitu, alikuwa amekaa tu. Nadhani naye hataki liondoke. Nadhani anataka nishinde, ila hajui namna ya kumtaka mtu kama mimi ashinde. Hilo limenihuzunisha kuliko shafti.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetoa bolti laini. Nimetia ya chuma kigumu, ile ya daraja la malori. Yangu haitakatika.

Kisha nikajaribu. Peke yangu, nyuma ya banda, mke wangu akiwa bombani na Dada sokoni. Gia ya kwanza. Visu vikaanza kuvuma. Nyasi zikalala, zikatoka nyuma zimekatwa, njia pana kama mkeka, harufu mbichi. Hatua kumi na mbili! Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu. Nilipiga kelele peke yangu pale juu. Kwa nini Baba hakuwahi kuniruhusu kuliendesha? Kila nilipoomba alisema bado. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, bado.

Jambo moja. Nilipokanyaga klachi trekta halikusimama palepale. Lilikwenda hatua nyingine nne hivi, taratibu, visu vikivuma, ndipo likatulia karibu na kamba ya nguo. Shuka moja limeraruka. Nimelificha.

Nimetafakari hilo jambo. Trekta limelala mwaka mzima. Lina hamu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekifuta kile kitu kama kila Ijumaa. Mke wangu ameliona shuka. Nimelala kwenye kochi.

Jumamosi, 15 Juni

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Saa tatu asubuhi Dada alitoa kiti akakaa kwenye kivuli cha banda. Mke wangu alisimama nyuma yake. Jirani uani. Nilivaa kofia ya Baba. Nikaanzia jikoni nikaelekea kaburini, mstari wa kwanza umenyooka kama uzi. Nikageuza. Wa pili. Wa tatu. Nilipopita mbele ya Dada alikuwa ameweka kiganja mdomoni na macho yake yanacheka. Wallahi yanacheka. Sikumbuki mara ya mwisho Dada kunichekea kwa wema. Nikampungia kofia.

Nusu ya uwanja ilikwisha saa nne na nusu. Na hapo ndipo nikaona nifanye jambo la heshima. Kaburi lilikuwa bado limezungukwa na nyasi. Nikasema nilisogelee karibu kabisa, nisimame hatua tatu, niondoe kofia.

Nikakanyaga klachi hatua tatu kabla.

Trekta halikusimama. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Nikavuta gia, haikutoka. Nikakanyaga breki, ile ya kulia ikanasa peke yake, pua ikageuka, ikalielekea jiwe la kaburi hasa. Visu vinavuma, vinasukuma. Halikwenda mbio, na hilo ndilo baya. Lilikwenda mwendo wa mtu anayekwenda kusalimia. Nilipata muda wa kusoma jina la Baba lote, na tarehe zote mbili.

Jiwe limepasuka katikati na kulala chali. Gurudumu la mbele limepanda ukingo wa kaburi, ekseli imekatika. Kisu kimegonga saruji. Bolti yangu haikukatika. Kilichokatika ni sanduku la gia la mashine, vipande viwili, mafuta yakamwagika hadi pale miguuni pake nilipomwahidi.

Injini ilizimika yenyewe. Kimya. Nimebaki nimekaa kwenye kiti cha Baba juu ya Baba.

Dada alikuja polepole. Sikuumia, aliangalia kwanza hilo, aliniangalia kichwani na mikononi. Halafu akapiga magoti akaanza kuokota vipande vya jiwe, vile vidogo, akivitia kwenye kanga yake. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Jirani hakuomba ruhusa. Aliingia na ile nyekundu akafyeka nusu iliyobaki, na kandokando ya kaburi akapiga magoti, akakata kwa mkasi. Hadi jua linazama. Alipomaliza aliivalisha mashine soksi yake akaenda zake. Sina la kumlaumu, na nimejitahidi kutafuta.

Jumapili, 16 Juni

Ndugu wamekuja. Uwanja unapendeza, kila mmoja amesema. Kisha wakafika mwisho wake. Tulikuwa tumeshindwa kuliondoa trekta, kwa hiyo lilihudhuria. Jiwe tumelisimamisha kwa kamba na miti miwili.

Baba mdogo alisimama muda mrefu akiegemea fimbo. Akauliza limetokea nini. Watu wote wakanitazama. Dada akasema breki zilikatika, chombo cha zamani, ni ajali. Dada hasemi uongo. Leo amesema mmoja, kaburini kwa Baba, kwa ajili yangu.

Jumatatu, 17 Juni

Muuza vyuma chakavu alifika saa mbili. Winchi ikalivuta kinyumenyume juu ya nyasi zilizofyekwa, gurudumu bovu likichora mfereji. Mashine ya kufyekea akaiongeza juu, akasema anatufanyia hisani.

Kofia ya Baba ilikuwa imebaki kwenye kiti. Nimelikimbiza lori hadi njia panda. Sikulipata.

Banda ni jeupe ndani. Kuku wanazunguka hawajui watagie wapi. Dada ameingia humo mara mbili leo, bila kazi yoyote ninayoijua.

Jumatano, 19 Juni

Fundi amekuja na saruji kulishikisha jiwe. Hakuwa ameitwa. Hakusema nilikwambia, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu Jumamosi. Alipima ule mpasuko, akaomba kalamu aandike vipimo asije akasahau. Nikaingia ndani, nikamletea kalamu zote ndani ya kile kitu cha Baba, achague mwenyewe.

Hakuchagua. Alikichukua kile kitu mkononi, akazimwaga kalamu zote kwenye majani, akakizungusha. Krr, krr. Akakizungusha upande wa pili. Kikagoma. Akakaa chini juu ya mfuko wa saruji.

"Umekitoa wapi?"

Nikamwambia ni kile cha kwenye msumari. Nikamweleza siku ile kitandani, maneno ya Baba yalivyokuwa, na jinsi ninavyokitunza, kila Ijumaa.

"Ndicho hiki," akasema. "Tulichokitafuta."

Sikugundua kwamba Dada alikuwa nyuma yetu na chai. Alitua sinia chini. Akakichukua kutoka kwa Fundi, akakipima uzito, akaingiza kidole ndani kwenye yale meno, mahali palipo na doa la wino.

"Nimemwosha miezi saba," akasema. "Nimemlisha kwa kijiko. Mimi hakuniambia neno. Amekwambia wewe, nawe ukatia kalamu."

Akanirudishia. Akaenda bandani. Fundi akakoroga saruji, nami nikamshikia jiwe hadi liliposhika. Mstari wa mpasuko unapita katikati ya jina. Anasema hautaondoka.

Jioni nimekwenda kumtafuta Dada. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, ameukabili ule msumari mtupu. Nikataka kumwambia kitu. Nikataka kumwambia kwamba Baba alinijua vibaya, ilifaa amwambie yeye, yeye angeuliza kinafanya kazi gani. Nikamwambia nina mpango.

Maana mambo si mabaya hivyo. Nimeyapima. Kifaa tulikuwa nacho muda wote! Kosa lilikuwa trekta. Sasa kifaa kipo, kizima, kimefutwa vizuri, na tangi la maji hatuna. Jirani ana pampu ya zamani, imekaa bure. Nikiifunga kwenye baiskeli, kile kitu kikakaa katikati, mke wangu atachota maji amekaa. Fundi ameapa kwamba hakiingiliani na pampu wala baiskeli. Fundi hajui kila kitu. Jirani amekubali tubadilishane kwa jiko letu. Kwa upole kabisa. Nitalipeleka kesho asubuhi, mke wangu akiwa bombani.

Kalamu nimeziokota zote kwenye majani, nimezirudisha ndani yake. Hazikuwa na pa kukaa.